Difu ya nyuma ikivunjika: isome kwanza, spea baadaye

Lilifika gereji kwetu Tabata saa nne usiku, likivutwa kwa kamba na Fuso kutoka Goba. Land Cruiser mkonga, ile ya pikapu, injini ya 1HZ. Mwenyewe ni mama mmoja anayefyatua na kuuza tofali. Alishuka kwenye Fuso, akajifunga khanga vizuri, akasema: "Fundi, gari langu limekatika kiuno."

Nikamgeukia dereva, kijana mwenye adabu zake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza lilianza kulia lini. Akaangalia chini.

"Kama miezi miwili hivi, mzee. Likianza kulia naongeza redio."

Alipanda mlima wa Goba na tofali themanini za inchi sita. Tofali moja la saizi hiyo halikosi kilo 25, kwa hiyo piga hesabu: tani mbili na ushee, juu ya gari la tani moja, kwenye mlima. Katikati ya mlima likapiga "kah!" moja kubwa, injini ikabaki inanguruma na gari likaanza kurudi nyuma. Mungu saidia breki zilikuwa nzima.

Naandika haya kwa fundi kijana anayeifungua difu kwa mara ya kwanza, na kwa mwenye gari anayetaka kujua fundi wake anafanya nini kule uvunguni. Maneno ni yetu ya gereji. Difu ni lile tumbo la gia katikati ya ekseli, yaani mhimili wa tairi, linalopokea mzunguko wa injini na kuugawa kwa tairi mbili. Propela ni chuma kirefu kinacholeta mzunguko huo kutoka gia boksi. Pinioni ni gia ndogo inayozungushwa na propela. Krauni ni ile gia kubwa kama sahani inayoumwa na pinioni. Sipaida ni gia ndogo zilizofichwa katikati ya krauni, nazo huziruhusu tairi mbili za nyuma kwenda mwendo tofauti kwenye kona. Shafti ni vyuma virefu viwili vinavyotoka pale katikati kwenda kwenye magurudumu.

Kabla ya spana

Difu haifi kama balbu. Inalalamika kwanza, na kila ugonjwa una kilio chake. Ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, shuku meno ya krauni na pinioni. Ikilia ukiachia mafuta, gari likiteremka kwa gia, mara nyingi beringi za pinioni zimelegea. Ikikwaruza kwenye kona tu, na barabara iliyonyooka iko kimya, hao ni sipaida. Mlio usiobadilika, ukanyage au uachie, huenda ni beringi za magurudumu, au hata tairi lenyewe limekula vibaya. Na ule mgongano wa "kong'" unapoingiza gia usikukimbize kwenye difu: shika propela kwa mikono miwili, itikise na kuisokota. Nimeona watu wakifungua difu nzima kumbe jointi ya propela ndiyo iliyokwisha.

Kwa gari lisilosogea kabisa, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele, inua nyuma, weka stendi mbili imara chini ya ekseli, gia iwe huru. Sisemi jeki, nasema stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Halafu zungusha propela kwa mkono. Ikizunguka laini na tairi zote mbili zimetulia, kuna kilichokatika ndani: meno ya pinioni, au shafti, au gia za pembeni zinazoshika shafti. Ya huyu mama ilizunguka, ikakwama, ikaruka na kutoa sauti ya mawe kwenye debe. Hapo hakuna haja ya darubini.

Jambo moja linalosahaulika: ukishachomoa shafti au propela, kuliacha gari kwenye gia hakukusaidii kitu, na kwa magari ambayo breki ya mkono inashika kwenye propela, nayo inakuwa pambo. Mawe yako chini ya tairi ndiyo yamelishika gari. Yasiguswe na mtu mpaka kazi iishe.

Kumwaga oili, na kuisoma

Fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Si mbwembwe. Ukimwaga oili yote halafu ukagundua nati ya juu imeshika kutu na haitoki, umebaki na gari lisilo na oili wala njia ya kuijaza.

Sisi humwagia kwenye karai juu ya kitambaa chepesi, kipande cha kanga kuukuu, ili chuma kibaki juu. Oili yenyewe ni barua. Ikiwa ya kijivu yenye kung'aa kama imetiwa unga wa fedha, huo ni usagikaji wa kawaida wa muda mrefu. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yaliingia; tunaziona hizo kila baada ya mvua kubwa, kwa magari yaliyolazimisha kupita Jangwani. Difu ikiwa ya moto na kutumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kama tundu la kupumulia limeziba au liko chini, maji yanavutwa kupitia sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Vipande vyembamba kama magamba ya samaki ni ngozi ya beringi iliyobanduka. Vipande vinene vyenye pembe ni meno.

Ya huyu mama ilitoka kidogo, haifiki hata lita moja na nusu, wakati difu hiyo inakula lita tatu na ushee. Na ilinuka kuungua. Nikamwambia kijana wangu aweke kila kipande kwenye gazeti, apange kwa ukubwa, ahesabu. Alidhani namsumbua. Subiri.

Kushusha

Mkonga ni rahisi kuliko pikapu nyingi kwa jambo moja: uzito wa gari hauko kwenye shafti, uko kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo unachomoa shafti bila hata kuvua tairi. Kila upande una nati sita, na chini ya kila nati kuna koni ndogo iliyopasuliwa ambayo imejibana. Usiichokonoe kwa bisibisi. Rudisha nati ikae sawasawa na ncha ya boliti ili kulinda nyuzi, halafu gonga kwa nyundo ya shaba kuzunguka. Koni zinaruka zenyewe kama bisi. Ziokote zote, maana ukipoteza moja utaitafuta Kariakoo nzima. Baada ya hapo vuta shafti, siyo lazima itoke yote, inatosha iachie meno ya katikati. Weka kopo chini, oili itadondoka.

Kwenye flanji ya propela, ile sahani ya boliti inayoiunga na difu, piga alama kwa patasi pande zote mbili, ili irudi kama ilivyokuwa. Ukigeuza, wakati mwingine gari linaanza kutetemeka kwenye mwendo, na utahangaika kwa kitu ulichokisababisha mwenyewe.

Difu yenyewe imeshikwa na nati kumi kwa mbele. Legeza zote, acha mbili za juu zikiwa zimeshika nyuzi chache, ndipo uipigepige hauzingi, ganda la ekseli linaloibeba difu, ili silikoni ya zamani iachie. Kama huna mbili za juu, ikiachia inaachia yote, na ni mzigo wa zaidi ya kilo 40 wenye pembe. Shusha kwa jeki ya magurudumu yenye ubao juu, watu wawili. Nilipokuwa kijana nilikuwa naishusha kifuani mwangu, nimelala chali. Leo mgongo wangu unanitabiria mvua.

Mezani

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia spana. Tulia. Kabla hujalegeza boliti hata moja, iangalie ikiwa imefungwa.

Kwanza piga alama kwenye kofia za beringi za pembeni: nukta moja kushoto, nukta mbili kulia, na nukta hizohizo kwenye mwili wa difu. Kofia hizo zilitobolewa kiwandani zikiwa zimefungwa mahali pake. Ukizibadilishana pande, beringi haitakaa duara tena. Pili, shika flanji ya pinioni, ivute na kuisukuma, juu na chini. Ikicheza hata kwa kiasi cha kuhisi tu mkononi, beringi zimekwisha. Ya huyu mama ilicheza mpaka ikagonga.

Tukafungua. Pinioni ilikuwa imekatika meno matatu, krauni imepoteza mawili na mengine manne yamekatika ncha. Sasa nikamwita kijana na gazeti lake. Tukaanza kupachika vipande mahali pake kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Kila jino lilipata kipande chake, isipokuwa moja la pinioni: nusu yake haikuwepo. Hapo akaelewa kwa nini nilimwambia ahesabu. Hiyo nusu ilikuwa bado ndani ya hauzingi, imejibanza kwenye bomba la ekseli upande wa kulia, tukaja kuitoa baadaye kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba.

Sisemi hili kwa kusoma. Miaka ya nyuma niliwahi kufunga difu iliyotengenezwa vizuri kabisa kwenye hauzingi niliyoipangusa kwa tambara tu. Gari likarudi siku ya tisa. Kipande kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele kiliingia kwenye beringi mpya. Nililipa spea zote mfukoni mwangu, na mteja hakuwahi kurudi.

Halafu tukauliza swali lenyewe: nani ameua? Tofali themanini zilimalizia tu. Sili ya pinioni ilikuwa imekauka na kupasuka, na uvungu mzima wa gari umeloa oili iliyoshikana na vumbi. Tundu la kupumulia juu ya ekseli lilikuwa limezibwa na udongo mwekundu mgumu kama saruji. Kwa hiyo hadithi ilikuwa hivi: tundu limeziba, difu ikipata moto hewa inatafuta pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili, oili inapungua, beringi za pinioni, hasa ile ya mbele iliyo juu kidogo na mbali na bwawa la oili, zinakauka na kuanza kumenyeka, pinioni inapata mchezo, inarudi nyuma na mbele kila dereva anapokanyaga, meno yanaacha kuumana katikati, yanaumana pembeni. Huo ndio mlio uliozimwa na redio. Jino linalobeba mzigo kwa ncha yake halihitaji tofali themanini, thelathini zingetosha.

Ningebadilisha krauni na pinioni tu nikaacha tundu limeziba, gari lingerudi na hadithi ileile kabla ya mwaka.

Gerezani

Asubuhi mama akauliza swali la haki: "Kwa nini usichukue difu nzima ya mtumba kwenye maduka ya spea pale Gerezani, ukafunga, jioni nikaondoka?"

Si wazo baya. Difu nzima kutoka Japani, iliyokuwa kwenye gari lililobeba mizigo ya kawaida, inaweza kuwa nzuri kuliko iliyofungwa upya na mtu asiye na geji. Twende tukaangalie, nikamwambia. Tukapata moja, safi kwa macho, imepakwa hata rangi nyeusi. Nikahesabu meno. Ya kwake: krauni 37, pinioni 9, yaani 4.11. Ile ya dukani: 43 kwa 11, yaani 3.91. Kwa nje zinafanana kama pacha. Ukiifunga, gari litatembea vizuri tu, mpaka siku dereva ataingiza 4x4 kwenye tope. Hapo difu ya mbele inataka kwenda mwendo huu na ya nyuma mwendo ule, na kinachobanwa katikati ni gia boksi ya 4x4. Ukinunua ya mtumba, hesabu meno mwenyewe, usiulize. Chungulia pia kama kuna mstari wa kutu kwenye krauni. Mstari ulionyooka kama wa maji kwenye mtungi maana yake ilikaa na maji muda mrefu.

Tukaamua kufunga upya. Krauni na pinioni hununuliwa pamoja, jozi, kwa sababu zilisagwa pamoja kiwandani. Angalia namba zilizochorwa, zifanane. Anayekuuzia pinioni peke yake anakuuzia mlio. Beringi zote nne mpya, sili mpya, spesa inayobonyea mpya (kibomba chembamba kinachokaa kati ya beringi mbili za pinioni), nati ya pinioni mpya. Kwenye beringi usinunue boksi. Toa beringi yenyewe, soma maandishi yaliyochorwa kwenye chuma, yawe makali na yamenyooka, izungushe polepole sikioni. Ya bandia mara nyingi inajisema yenyewe, ina mkwaruzo mdogo kama mchanga kwenye meno ya mlaji.

Kufunga: shimu, mizani ya samaki na rangi ya njano

Beringi haipigwi nyundo. Sisi tunaipasha kwenye sufuria ya oili safi juu ya jiko la mkaa, joto la kama nyuzi 100, isifike kutoa moshi. Ikipata joto inatanuka na kuteleza mahali pake kwa uzito wake, unaisikia "tuk". Krauni nayo tunaizamisha kwenye maji yanayochemka, tunaitoa kwa koleo, tunaifuta, tunaivika haraka alama kwa alama kabla haijapoa. Boliti zake zisafishwe nyuzi, zitiwe gundi ya boliti mara krauni ikishakauka na kupoa, zikazwe kwa kupishana mkabala, kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari lako. Kijana akikwambia mkono wake ni spana ya kipimo, mpe kazi ya kuosha vyuma.

Sasa shimu. Chini ya beringi kubwa ya pinioni kuna pete nyembamba inayoamua pinioni iingie ndani kiasi gani kuifuata krauni. Tofauti ya upana wa unywele inahama meno yanapoumana. Unaanza na ile ya zamani, halafu unaiachia rangi iamue. Lakini kila ukitaka kubadilisha shimu lazima ung'oe beringi, na beringi mpya iking'olewa mara tatu si mpya tena. Ujanja wetu: ninayo beringi ya zamani nzima ya namba hiyohiyo, tundu lake nimelisugua kwa msasa mpaka inaingia na kutoka kwa mkono. Ndiyo ya kujaribia. Na wakati wa kujaribu spesa inayobonyea haiwekwi. Inawekwa mwisho kabisa, kwa sababu ukishaibonyeza haina kurudi.

Kwanza rekebisha nafasi kati ya meno. Kuna nati mbili kubwa za pembeni, kushoto na kulia. Ukilegeza moja kwa tundu moja, kaza ya pili kwa tundu moja, krauni inasogea kando bila kulegea. Weka dayo geji, kipimo chenye uso kama wa saa, ncha yake iguse uso wa jino kwa mkabala, shika pinioni isitembee, tikisa krauni kidogo. Kwa difu hii tunataka kati ya 0.15 na 0.20 ya milimita. Pima sehemu tatu kuzunguka krauni, siyo moja. Zikitofautiana sana, krauni haikukaa sawa, kuna uchafu chini yake, vua tena.

Kisha rangi. Nachanganya rangi ya mafuta ya njano na grisi kidogo, iwe nzito kama siagi ya karanga, napaka meno sita hivi ya krauni pande zote mbili. Kijana anabana krauni kwa kipande cha mbao ili iwe nzito, mimi nazungusha pinioni kwa spana mbele, halafu nyuma. Pinioni inafuta rangi pale inapogusa, na jino linabaki na doa. Doa hilo halidanganyi. Likiwa katikati ya jino, halijagusa ukingo wowote, umefika. Likikaa juu, kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali: weka shimu nene zaidi. Likizama chini shinani, pinioni imeingia mno: weka nyembamba. Likikimbilia upande mwembamba wa jino, ule wa ndani, au upande mpana wa nje, rudia nafasi ya krauni, kisha shimu, kwa sababu viwili hivyo vinavutana.

Ya huyu mama, kwa shimu ya zamani, doa lilikaa juu. Nikatafuta nene kwenye kopo langu la maziwa ya unga lenye shimu za miaka ishirini. Doa likazama shinani; nimeruka mno. Ya tatu ikakaa katikati, mviringo wa mdomo wa kikombe ulionyooshwa kidogo. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa chai, akaja kuchungulia. "Kwa hiyo ndiyo hilo tu mlilokuwa mnalitafuta tangu asubuhi?" Ndiyo, mama. Hilo tu.

Ndipo tukafunga beringi mpya na spesa. Nati ya pinioni inahitaji bomba refu na mtu wa kushikilia flanji, na inakazwa kidogo, unapima, kidogo, unapima. Unachopima ni ugumu wa kuzunguka. Sina ile spana ndogo ya kipimo, nina mizani ya kuning'iniza, zile za wauza samaki wa Feri. Zungusha kamba kwenye flanji, ning'iniza mizani, vuta kwa mwendo wa polepole usiokatika, soma wakati inazunguka, siyo ile nguvu ya kuanzia. Tulilenga Nm 1.2, kipimo cha nguvu ya kusokota. Flanji yetu ina upana wa sentimita kumi, kwa hiyo kamba inavuta kwa umbali wa sentimita tano kutoka katikati, na mizani inatakiwa isome kama kilo mbili na nusu. Hiyo ni kwa beringi mpya. Ukirudisha za zamani lenga kama nusu yake, na kwa gari jingine fuata kitabu chake. Pima kabla krauni haijarudishwa, kwani ikiwepo inaongeza uzito wake. Ukipitiliza, usilegeze nati ukadhani umerekebisha. Spesa imeshabonyea. Nunua nyingine, anza upya. Ndiyo maana mimi hununua mbili.

Mwisho rudisha krauni, pima nafasi tena, paka rangi tena. Doa likiwa bado katikati, funga vifungio vya nati za pembeni.

Kurudisha

Hauzingi tuliiosha kwa dizeli mara tatu, tukavuta tambara kwa kamba kutoka bomba moja hadi jingine, tukapitisha sumaku. Sili za habu tukazibadilisha, ni kitu kidogo na ziko wazi tayari. Tundu la kupumulia tulilizibua, tukaunga mpira mrefu kutoka pale mpaka juu karibu na boksi la mizigo. Silikoni uzi mmoja mwembamba kuzunguka kila tundu la boliti. Ukiipaka kama unapiga plasta, inayomiminikia ndani itaziba njia za oili. Iache ishike kabla ya kujaza.

Oili ni ya difu, daraja la GL-5, uzito wa 85W-90. Hapa usikubali "yote sawa". Pinioni ya difu hii haiko katikati ya krauni, iko chini kidogo, kwa hiyo meno yanateleza huku yakisukumana kwa nguvu nyingi, na oili ya kawaida hukatika katikati yao. Jaza gari likiwa limelala sawa mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la juu.

Nililijaribu mwenyewe alfajiri, Barabara ya Mandela kabla malori ya bandarini hayajaamka, nikazunguka Buguruni nikarudi. Nilisimama mara mbili kuigusa difu puani. Mkono ukivumilia kuhesabu hadi tano, sawa. Ikikuunguza mara moja, beringi zimebanwa mno, rudi.

Kwa kilomita 500 za mwanzo mama asibebe zaidi ya nusu ya mzigo, asivute gari jingine, na safari ndefu apumzike njiani. Kwenye kilomita 1,000 alirudi kumwaga oili ya kwanza. Kwenye kitambaa kulikuwa na vumbi la kijivu tu, hakuna cha kuokota kwa vidole. Kijana alitandika gazeti hata hivyo.

Dereva alikuja na mama. Akaniuliza kwa upole kama ninajua kwa nini redio ya gari haiwaki tangu litoke gereji. Fyuzi yake iko kwenye droo yangu, nikamwambia, pamoja na zile shimu.